Kuimba Wimbo wa Mwingine: Santuri, Marudio na Unyofu wa Mtunzi

Wapenzi wa santuri za zamani wana ugomvi ambao hauishi. Mmoja husema kwamba wimbo wa kweli ni ule uliorekodiwa kwanza, kwa sauti ya yule aliyeutunga, na kwamba wote waliouimba baadaye ni waigaji, hata wakiwa na sauti nzuri namna gani. Mwingine hujibu kwamba wimbo hauna mwenyewe. Ukishatoka kinywani ni wa kila mwenye koo. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye mkusanyo mkubwa kuliko wenzake, huacha maneno, huitoa sahani katika mfuko wake wa karatasi, huifuta vumbi kwa kitambaa, huiweka chini ya sindano na kusema: sikilizeni. Watu husikiliza, na baada ya dakika tatu ugomvi huanza upya.

Tunapenda kuuchukua ugomvi huu kwa uzito unaostahili. Katika idara zetu mambo ya santuri huachiwa mara nyingi wanamuziki na wanaanthropolojia, kana kwamba mtu wa fasihi hana la kusema ila pale wimbo unapokuwa umechapwa kitabuni na kupewa jina la shairi. Lakini swali lililofichika ndani ya ugomvi huo ni swali letu kabisa. Unyofu wa wimbo uko wapi? Uko katika maisha ya mtunzi, yaani katika jambo lililompata kweli? Uko katika maneno yenyewe, hata kama mtunzi hajulikani? Au uko katika kinywa cha yule anayeimba mbele ya watu, awe ametunga mwenyewe au ameazima? Jibu tutakalolichagua litaamua namna tunavyosikiliza, na pia namna tunavyoziandika nyimbo za watu wetu kwenye karatasi, jambo ambalo tutalifikia mwishoni na ambalo, kusema kweli, ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Tuanze na wimbo ambao ni vigumu kumpata msemaji wa Kiswahili asiyeujua. Kisa cha "Malaika" ni kifupi mno: kijana anampenda msichana, angetaka kumwoa, lakini hana mali, na umaskini huo unamnyima raha. Hakuna tukio jingine. Hatuambiwi jina la msichana, wala mji wao, wala kazi ya kijana. Santuri iliyoufanya wimbo huo uvume Afrika Mashariki ni ya Fadhili William, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2001, aliyeuimba na kundi lake la Jambo Boys huko Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akaurekodi tena katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod. Kutoka hapo ukaanza safari. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kundi la Boney M., lililofanya kazi zake Ujerumani, likautoa mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika "Logozo", sahani yake ya mwaka 1991. Hao ni wachache tu, na anayetaka kuwahesabu wote atachoka.

Mpenzi wa aina ya kwanza, yule wa santuri ya asili, atasema kwamba kati ya hao wote mnyofu ni Fadhili peke yake. Anamwona kijana ameketi na gitaa lake, mfuko mtupu, akiimba lililo moyoni. Wengine, kwa maoni yake, wameimba lililo moyoni mwa mwenzao. Picha hiyo inavutia. Taabu ni kwamba Adam Salim, wa Tanzania, alidai kuwa ndiye aliyeutunga wimbo huo katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa sababu ya mali. Na hakuwa wa pekee kutoa madai. Hatutaki kulikata shauri hilo hapa. Tunachotaka kuonyesha ni jinsi linavyomweka mpenzi wetu katika hali ngumu. Ikiwa santuri ya Fadhili inatugusa kwa kuwa yaliyoimbwa yalimpata yeye, basi siku itakapothibitishwa kwamba mtunzi ni Salim itatubidi tuache kuguswa, ingawa sauti ni ile ile na mikwaruzo ya sindano ni ile ile. Mwenye kushikilia kwamba unyofu wa wimbo ni wasifu wa mtunzi analazimika kungoja hukumu ya mahakama kabla ya kutokwa na machozi.

Sisi twaona kwamba kule kuwapo kwa madai mawili, kila moja na msichana wake na umaskini wake, kunatufundisha jambo kuhusu wimbo wenyewe. Kijana asiye na cha kupeleka ukweni hakuwa mtu mmoja. Alikuwapo Nairobi na Mombasa, alikuwapo katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, alikuwapo popote ambapo mshahara wa mwezi ulipaswa kulisha, kuvisha na kuoa. Wimbo haukutaja jina kwa sababu haukuhitaji. Ni kama kigoda kilichowekwa barazani: hakimwulizi jina anayeketi.

Lakini je, kila mtu anaweza kuketi? Hapa ndipo tunapokutana na Makeba, na ndipo sarufi yetu inapoleta neno lake. Katika Kiswahili mwanaume huoa, mwanamke huolewa. Viwakilishi vyetu havibagui mume na mke, lakini kitenzi hiki kinabagua. Msemaji akishakitamka, tumekwisha kumjua. Mwingereza na Mfaransa hawana taabu hiyo, kwa kuwa kwao bwana na bibi hutumia kitenzi kimoja, na mwimbaji wa kike anaweza kuuchukua wimbo wa mwanaume bila mtu kugutuka. Kwetu, mwanamke anayeimba kwamba angeoa lau angekuwa na mali anasema jambo ambalo, kwa lugha na kwa desturi, hawezi kulisema kwa nafsi yake. Je, anasema uongo?

Wako wanaojibu upesi kwamba Makeba hakuelewa, kwa kuwa Kiswahili hakikuwa lugha yake. Jibu hilo lina dharau ndani yake, na tena halitusaidii, maana sisi tunaoelewa tunamsikiliza na tunaguswa. Wengine husema kwamba katika sahani ya 1965 alikuwa pamoja na Belafonte, kwa hiyo kitenzi kilikuwa na mwenyewe. Ni kweli, lakini aliuimba pia peke yake miaka mingi katika majukwaa, na kitenzi kikabaki vile vile.

Jibu linalotupendeza zaidi linatoka Kinshasa. Mwaka 1984 Franco na TP OK Jazz walitoa wimbo "Mamou", ambamo wanawake wawili wanateta: mmoja mke anayelalamika kwamba rafiki yake amemsengenya, mwingine rafiki mwenyewe anayejitetea. Mke aliimbwa na Madilu System, rafiki aliigizwa na Franco. Wanaume wawili, mmoja wao mwenye mwili wa kutisha, wanagombana kama wanawake wa mtaa, na katika nchi nzima hakuna aliyedhani kwamba amedanganywa. Waliosikiliza walicheka, walikasirika, walichagua upande. Walijua kwamba mwimbaji amekopesha kinywa chake. Rumba yetu ina mifano mingi ya namna hiyo, wanaume wakilia kilio cha mke aliyeachwa, na mwenye kudai kwamba wote hao si wanyofu atakuwa ameifuta nusu ya sahani zetu kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo kukopesha kinywa si kudanganya. Swali linalobaki ni kama mkopeshaji ameyachukua maneno kwa uzito wake. Katika sauti ya Makeba twasikia mtu anayeliacha kila neno limalizike kabla ya kulianza lingine, asiyepamba pale ambapo umaskini unasemwa, na asiyeliongezea pambo neno lililokwisha kujitosheleza. Wengine watatukumbusha kwamba alikuwa amezuiliwa kurudi Afrika Kusini tangu mwaka 1960, na kwamba hakuiona tena nchi yake hadi 1990, kwa hiyo alijua kupenda kitu na kunyimwa. Ni kweli, na pengine ndiko alikopata nguvu. Lakini tujihadhari: tukiegemea hapo tutakuwa tumemrudisha yule mpenzi wa kwanza na wasifu wake, safari hii kwa kubadilisha msichana na nchi. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu pasipoti ya Makeba husikia vile vile kutaka na kuzuiliwa, kwa sababu viko katika namna ya kuimba.

Jambo hilo linaonekana wazi tukiweka karibu toleo la Boney M. Hatutalikaa sana. Waimbaji wanaimba sawasawa, noti hazikosewi. Kosa liko mahali pengine: wimbo wa mtu asiye na kitu umevishwa kila kitu. Sauti juu ya sauti, ala juu ya ala, hata msikilizaji hujiuliza ni nini tena kinachomzuia kijana huyu kupeleka mali ukweni. Kidjo ni shauri jingine. Yeye hakuupokea wimbo kwa Fadhili bali kwa Makeba, ambaye amesema mara nyingi kwamba alikuwa kielelezo chake. Na ukimsikiliza unasikia kwamba anazungumza na Makeba kuliko anavyozungumza na msichana yeyote wa Nairobi. Hapo marudio yamegeuka asili, na asili ya kwanza imerudi nyuma. Wanaofanya kazi na miswada ya kale wataitambua hali hiyo: mnakili wa pili ndiye aliyenakiliwa na wengine wote, na kosa la kiambishi alilolifanya yeye limekuwa mali ya ukoo.

Mpaka hapa tumesema juu ya mtunzi na mwimbaji. Yuko mtu wa tatu ambaye wapenzi wa santuri humsahau, kwa kuwa wao wenyewe ndio yeye. Katika taarabu ya pwani mtunzi wa maneno mara nyingi si mwimbaji. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi na kufungua njia ya santuri za Kiswahili, aliimba pia mashairi ya watunzi wengine, na utukufu wake haukupungua hata kidogo. Halafu tazama kinachotendeka ukumbini. Bibi mmoja anainuka kitini, anakwenda mbele akicheza polepole, anamtunza mwimbaji pesa pale ambapo ubeti unasema lile analotaka mwenzake mmoja alisikie. Hakutunga, wala hakuimba. Lakini kwa noti aliyoitoa ameufanya ubeti kuwa wake, na aliyekusudiwa anajua. Ikiwa tunautafuta unyofu, wakati huo uko mikononi mwa bibi huyu.

Kwetu Kongo pesa pia imeingia ndani ya wimbo, lakini kwa njia nyingine. Tunasema juu ya libanga, yaani jina la mtu linalotupwa katikati ya muziki kwa malipo, leo mfanyabiashara, kesho mwanasiasa. Wengi hulilaani kwamba ndilo lililoua unyofu wa watunzi wetu. Hatukubali kabisa, maana kumsifu mwenye kutoa ni desturi ya kale kuliko gitaa, na hakuna anayewachukia malenga wa mabaraza kwa sababu walilishwa. Tofauti iko katika sahani. Bibi wa taarabu anatunza usiku huo, na kesho ubeti uko huru kumtumikia mwingine. Jina lililorekodiwa halitoki. Kigoda kimeandikwa jina la mwenyewe, na mwimbaji wa kesho atakayetaka kuurudia wimbo huo itambidi alikwangue kwanza.

Inafaa hapa tutenge mambo mawili ambayo katika ugomvi huchanganywa kila mara. Mpenzi wa santuri ya asili akibanwa hugeuza hoja, akasema: basi, lakini waliorudia walitajirika na mtunzi akafa maskini. Katika hilo ana haki, na hasira yake ni ya kweli. Solomon Linda alirekodi "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939 kwa kampuni ya Gallo, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukaenda Marekani, ukabadilishwa jina mara mbili, ukaimbwa na kila mtu. Linda akafariki mwaka 1962 akiwa fukara, na ilikuwa mwaka 2006 tu ndipo warithi wake walipofikia mapatano ya malipo. Huo ni wizi uliovaa tai. Lakini ni shauri la haki, na dawa yake ni mkataba na mahakama. Halituambii kama kundi fulani la Marekani liliimba kwa moyo au bila moyo. Mtu anaweza kulipa kila senti na akaimba kama kasuku. Mwingine anaweza kuiba wimbo na kuuimba hata mawe yakalia, naye akabaki mwizi. Anayechanganya mambo hayo hudhoofisha yote mawili: humfanya mwizi ajitetee kwa uzuri wa sauti yake, na kumfanya mtunzi athibitishe machozi yake kabla ya kulipwa.

Kampuni hiyo hiyo ya Gallo inatuleta nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine zake za kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, kijana wa Bayeke aitwaye Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Sahani zake zilitoka chini ya nembo ya Gallotone, na "Masanga" ikapata tuzo ya kwanza ya Osborn ya mwaka huo. Gitaa lake, lililopigwa kwa kidole gumba na cha shahada, lilisikika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, na wapigaji gitaa wa Kenya wa kizazi kile wana deni kwake na kwa jamaa yake Edouard Masengo. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Sasa tumwulize mpenzi wa santuri: "Masanga" ya asili ni ipi? Atatuonyesha sahani ya 1952. Lakini sahani ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua kama dakika tatu kila upande. Baada ya hapo mwenye mashine alitoa ishara na mkono ukaacha nyuzi. Wimbo wa gitaa wa Katanga haukuwa na urefu wa namna hiyo. Mara nyingi ulifungwa kwa semi, miito, majina na maonyo, ambayo mwimbaji aliyapanga upya kadiri ya waliokuwapo na kadiri ya pombe iliyobaki. Hivyo sahani ya kwanza yenyewe ni marudio: ni namna moja ya kuuimba wimbo ambao jana uliimbwa vingine. Bosco mwenyewe alizirekodi tena nyimbo zake za ujana huko Cape Town mwaka 1988, akiwa karibu na miaka sitini. Vidole si vile tena, sauti imeshuka. Wapo wanaoziona santuri hizo kama kivuli. Kwetu ni kinyume: ni nadra kumsikia mtu akiimba wimbo wa mwingine ambaye ni yeye mwenyewe wa miaka thelathini na sita iliyopita, na pale anapokuwa mzito zaidi ndipo maneno yanaposikika vizuri zaidi.

Basi mikwaruzo ya sindano si unyofu, ingawa inafanana nao. Tunasema hivyo bila kuwadharau wanaokusanya. Mwaka 2022 sahani za vinili zilipita diski za CD kwa idadi ya mauzo huko Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987, na wengi wa wanunuzi husema kwamba wanatafuta sauti ya kweli. Wanachokipata ni sauti ya kitu chenye umri, nacho ni kitu kizuri. Lakini sahani ya Bosco inayovutia kwa kuwa inanguruma kama moto wa nyasi ilitoka kiwandani bila kunguruma. Mngurumo umeongezwa na wasikilizaji. Aidha, kuna kejeli ambayo msomaji wa Lubumbashi hataacha kuiona. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo tangu 1978 iko Grahamstown, mji unaoitwa leo Makhanda, Afrika Kusini. Nyingine zimetolewa upya Uholanzi. Mwanafunzi wetu anayetaka kuwasikia babu zake huwasikia kwa hisani ya watu wa mbali, wala hatuwezi kuwalaumu watu hao kwa kuhifadhi.

Tunachoweza kuwalaumu, na kujilaumu pamoja nao, ni jinsi walivyosikiliza. Kuhusu vidole vya Bosco yameandikwa mengi mazuri. David Rycroft alichambua upigaji wake noti kwa noti katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. John Low, Mwingereza mpiga gitaa, alikuja Shaba kujifunza kwa Bosco, Masengo na Losta Abelo, akatoa kitabu mwaka 1982. Huyo Low, kwa njia, ni jibu zuri kwa wanaodharau uigaji: hakuna anayesikiliza kwa makini kama mtu anayetaka kuipiga noti ile ile kwa kidole kile kile. Lakini maneno yalibaki nyuma. Mara nyingi yalitajwa kama kitu cha kujazia nafasi kati ya gitaa na gitaa, na wapenzi wa Ulaya, ambao hawakusikia lugha, walisema kwamba unyofu wa nyimbo hizi uko katika nyuzi. Walisema hivyo kwa kuwa ndiko masikio yao yalikoweza kufika.

Na sisi tunaosikia lugha? Hapa ndipo tulipotaka kufika. Mara nyingi, katika kazi za kumaliza masomo zinazowekwa mezani kwetu, maneno ya nyimbo za Katanga huandikwa yakiwa yamesafishwa. Kwenye santuri mwimbaji anasema "bantu"; karatasini tunasoma "watu". Anasema "tutoto", tunasoma "watoto wadogo". Mwanafunzi akiulizwa, hujibu kwamba ameandika kwa Kiswahili sanifu ili msomaji aelewe. Hatuna ugomvi na Kiswahili sanifu, ambacho ndicho tunachoandikia sasa hivi. Lakini alichofanya mwanafunzi huyo ni kuuimba wimbo wa mwingine bila kutangaza kwamba anauimba upya. Boney M. angalau waliandika jina lao juu ya sahani.

Tutoe mfano wa hasara, tena kutoka upande wa pili, kwa wimbo wa pwani unaosikilizwa kwetu. Katika "Malaika" msichana huitwa kidege. Kwa mtu wa pwani ki- hiyo ni ya udogo na mapenzi. Katika vinywa vya wengi hapa Lubumbashi udogo huo husemwa kwa ka-, kandege, wingi tundege. Na ki- mara nyingi huelekea kwenye ukubwa, hata ubaya. Mtoto wa Kenya au wa Katuba anayeusikia wimbo huo mara ya kwanza ana haki ya kujiuliza kwa nini bwana huyu anamwita mpenzi wake lidege. Baadaye huzoea. Kinyume chake, neno mali, ambalo kwa mtu wa Mombasa ni utajiri kwa jumla, kwetu humaanisha pia, na kwa wengi kwanza kabisa, kile kinachopelekwa kwa wazazi wa msichana. Wa pwani husikia kijana anayelalamika kwamba ni maskini. Wa kwetu husikia kijana anayetaja deni lenyewe kwa jina lake. Wimbo ni mmoja, na tunathubutu kusema kwamba katika neno hilo moja masikio ya Lubumbashi yamepata zaidi ya yale ya mahali ulikotungwa. Sasa chukua ubeti wa mwimbaji wa Katanga mwenye kutumia ka- na tu- na mali kwa maana hizo, uusafishe, na uniambie ni nini kilichobaki cha kumgusa mtu.

Johannes Fabian, aliyefundisha hapa, aliandika mwaka 1978 kwamba nyimbo hizi na michoro ya watu na mafundisho ya dini ni kazi moja ya fikra za watu wa Shaba. Walter Schicho wa Vienna aliandika Kiswahili cha Lubumbashi kama kinavyosemwa, bila kukisahihisha. Inatia haya kidogo kwamba wageni hao walivumilia viambishi vyetu kuliko tunavyovivumilia wenyewe.

Tungependa basi kuona, katika kazi zijazo, maneno ya wimbo yakiandikwa kama yanavyosikika kwenye santuri, na tafsiri ya Kiswahili sanifu ikiwekwa kando yake, si mahali pake. Pawekwe jina la mwimbaji, jina la anayedaiwa kuwa mtunzi kama madai yapo, mwaka wa kurekodi, na kama ni rekodi ya kwanza au ya baadaye. Kama wimbo umerudiwa na mwingine, matoleo yote mawili yaandikwe ubavu kwa ubavu, hata pale mrudiaji alipokosea, maana kosa lake laweza kuwa ndilo lililoimbwa na watu wote baada yake. Na pale ambapo sindano imeruka na neno likapotea, mwandishi aweke nukta tatu, asitunge.